Nilimficha Mado Chumbani

Mdogo wangu Mado hajui kusema uongo, na mimi nilijua hilo. Tangu wazazi wafe, mimi yaya yao, yaani mkubwa wao, niliacha shule ili niwalee yeye na dada yake Solange. Kelele humfanya azibe masikio, na saa huifuata kuliko padri. Nyumbani tunajua ndivyo alivyo.

Siku ya kuposwa kwa Solange, niliogopa wakwe wakimwona vile watavunja uchumba. Nikamwambia akae chumbani mpaka saa kumi. Wageni walisema watakuja saa nane, kwa hiyo nilidhani watakuwa wameshaondoka. Mjinga mimi, wakwe gani huja kwa saa? Waliingia saa kumi kasorobo.

Shangazi wa mchumba akauliza, "Tulisikia muko batatu. Mudogo iko wapi?"

"Iko Pweto, mama, kwa mjomba," nikajibu, nikimimina soda.

Saa kumi kamili mlango wa chumba ukafunguka. Mado akawasalimia wote, mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Yaya, saa kumi imefika. Na Pweto sijafika hata siku moya."

Shangazi akamsogezea Mado kiti karibu naye, akanitazama.

"Huyu anasema kweli. Sasa weye, yaya, juu ya Solange ulitudanganya nini?"