Mkate Niliomnyima Mama

Mkate huu nilifundishwa na mama kule mlimani Sagalla, wakati jiko letu lilikuwa mawe matatu tu. Unaponda ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, unatia unga, hamira, iliki, njugu za kukaanga na zabibu kavu zilizolala kwenye chai ya rangi. Ukishaumuka unauoka kwa sufuria: makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Mama alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba usifunue mpaka harufu ifike mlangoni.

Siku hizi harufu hiyo ikifika mlangoni, nasikia sauti yake. "Kipande kidogo tu, mwanangu." Si kwamba nakumbuka, nasikia. Nageuka kabisa, mwiko mkononi, kisha naona aibu.

Maneno hayo aliyasema hapa nyumbani kwangu Voi, miezi mitatu ya mwisho ya maisha yake. Tulimteremsha kutoka mlimani kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, uliokuwa umeanza kumla mguu. Mimi ni muuguzi, basi nikajifanya daktari na askari jela kwa pamoja. Chakula chake nilikipima kwa kijiko. Kila Jumamosi niliwaokea watoto mkate, naye akaomba. Nikamwambia, "Mama, wataka kufa?" Jumamosi iliyofuata akaomba tena, na nyingine tena, kisha akaacha. Nilijisifu kwamba hatimaye amenielewa. Wiki chache baadaye tukamzika, na watu wakanishika mkono wakisema nimemtunza kweli mama yangu.

Ni miaka minne sasa. Desemba iliyopita nilikuwa nimeinama uani kwenye jiko la makaa, mume wangu kando yangu akipepeta maganda ya njugu. Sauti ikaja. Safari hii machozi yalinishinda, nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba mama alikufa akitamani mkate, na mimi ndiye niliyemnyima.

Akaweka ungo chini. "Hakufa akitamani," akasema. "Nilikuwa nampa."

Sikumwamini. Mume wangu ni Mkamba, na kwao mtu na mama mkwe wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Miezi mitatu ile walikaa nyumba moja bila kutazamana usoni. Yeye akipitia mlango wa nyuma, mama akila chumbani mwake. Angempaje?

"Dirishani," akasema. "Ukishaenda kazini, naenda kuchota maji kwenye tangi. Naweka kipande pale dirishani, nakohoa, naondoka. Nikirudi, hakipo."

Kwanza ilinipanda hasira ya kazi. Kumbe ndiyo maana sukari ilikataa kushuka! Nilikuwa nimelaumu dawa, nikalaumu mashine ya kupimia, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia: "Ungemuua!" Pengine mkate ulimharakishia mama kifo, pengine ule mguu ungemwondoa hata hivyo. Nimesomea mambo haya na bado sijui.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Yeye ndiye aliyenikataza. Alinisemesha siku moja tu, kutoka nyuma ya pazia. Aliniambia, 'Baba, tafadhali usimwambie. Atanigombeza.'"

Niliketi palepale chini, kwenye majivu. Miaka yote ile nilikuwa nikimwomba msamaha mama aliyenikasirikia, na sasa naambiwa hakunikasirikia hata kidogo. Aliniogopa. Iliniuma kuliko nilivyoumia siku ya mazishi, na sioni haya kuandika hivyo. Laiti angenitukana.

Mume wangu alitaka kunituliza, akasema mama alifurahi, kwamba alikuwa akimsikia akicheka peke yake mle ndani. Nilimwomba anyamaze. Nilikuwa nikiwaza jambo lingine. Kila jioni, nikitoka kazini, nilimtandikia kitanda kwa mikono yangu mwenyewe, nikakung'uta shuka, nikafagia chini ya godoro na chini ya dirisha. Sikuwahi kuona chembe hata moja ya mkate; aliziokota zote kabla sijarudi.