Namba Inayopumua

Kitendawili! Nina milango tisa, yote iko wazi, na mgeni wangu bado kasimama nje. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Charleston, nimeupokea. Milango ni vyuo vya jamii vya jimbo la West Virginia, Marekani, na mgeni ni yule aliyeandikishwa jina halafu asionekane.

Kazi ya Dreama Cantley ni kumtafuta mgeni huyo.

Saa mbili asubuhi, ukungu umelalia madirisha ya ofisi yake mjini Beckley. Dreama, mwenye miaka sitini na mmoja, anamaliza mkate uliojazwa soseji ya pepperoni, uliokwisha poa, anafuta vidole, anabonyeza namba. Miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa shule. Hapa analipwa dola kumi na nne kwa saa.

"Halo mwanangu, ni Dreama wa chuoni. Mbona sauti hivyo? Gari limekufa? Basi usilie, kuna masomo ya jioni karibu na kwenu."

Huyo kajibu. Jina la mwisho kwenye orodha ni Ezra Toney, naye hajibu.

Simu yake hupokelewa mlio wa pili, kila mara. Kisha hakuna neno, ni pumzi tu. Hhh, tik. Hhh, tik.

Anwani yake iko kwenye bonde ambako mafuriko yalisomba nyumba zote miaka miwili iliyopita. "Nilikwenda," anasema Dreama. "Ngazi za mawe zipo, nyumba hakuna. Sanduku la barua limesimama peke yake. Tumemtumia barua tatu, na ndani hamna hata moja. Nani anazichukua?"

Mwenzake, Lowell, anacheka, ila kicheko chenyewe hakifiki machoni. "Dreama, unamwuzia marehemu chuo."

"Marehemu hapokei simu mlio wa pili, Lowell. Wewe uliye hai hupokei hata wa kumi!"

Fomu ya Ezra imejazwa kwa mwandiko mzuri wa kike, lakini pa kuandika somo pameachwa wazi. Asipochagua, jina linafutwa leo Ijumaa saa sita mchana, na mlango huo haufunguliwi tena mpaka mwakani.

Wiki sita sasa Dreama anamsomea kijitabu cha masomo ya vyuo vyote tisa, ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na moja, kisha anauliza, "Unataka lipi?"

"Siku moja nilisikia kiti kinasogezwa karibu na simu," anasema. "Nywele zilinisimama. Lakini asiyetaka kusikia hasogezi kiti."

Saa tano na nusu anapiga. Mlio wa pili. Hhh, tik. Anasoma uuguzi, kulehemu, umeme, ufundi wa malori. Anasoma polepole, kama anayembembeleza mtoto ale. Ukurasa wa kumi na moja unakwisha.

"Unataka lipi?"

Hhh, tik.

Imebaki robo saa. Lowell kasimama na kikombe cha kahawa, hanywi.

Ukurasa wa kumi na mbili Dreama hajawahi kumsomea mtu. Aliyejaza fomu, alijiambia siku zote, wa nini kumsomea huo? Leo hana kingine cha kusema, basi anaufunua.

"Kuna na hili," anasema taratibu. "Kusoma na kuandika, kwa watu wazima. Jumanne na Alhamisi. Hulipi kitu. Wako wanne tu, na hakuna anayelazimishwa kusoma mbele za watu."

Pumzi inakatika. Ile tik haiji. Lowell anaushika ukingo wa meza.

"Ezra, ndugu yangu," Dreama anauliza, "unataka lipi?"

Kitu kinakwaruza upande wa pili. Kisha inakuja sauti ya mzee, kavu, yenye vumbi la migodi ya makaa ya mawe.

"Ngoja, mama. Mashine inivutie pumzi." Hhh, tik. "Barua zenu ninazo zote. Nakaa huku juu mlimani tangu maji yachukue nyumba, nashuka kuzifuata. Fomu alinijazia mke wangu, wiki moja kabla hajafa. Alitaka nichague mwenyewe." Hhh, tik.

"Nataka hilo ulilosoma sasa hivi."