Siku Viviane Alipozuia Kilio

Kuna watu wa Kikula, mtaa wetu hapa Likasi, watakuambia kwamba Viviane ana moyo wa jiwe. Waongo wakubwa hao! Nusu yao walikuwepo siku ile njiani, na mikono yao ilikuwa inafanya nini, hilo hawakuambii.

Viviane alizaliwa Panda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shaba, baba fundi wa mashine, mama mwimbaji wa kwaya ya parokia. Sauti aliirithi kwa mama, lakini ukubwa wake, hee, huo aliutoa mwenyewe. Akiita wateja wa makala sokoni, yale makaa ya kupikia, muuza samaki wa upande wa pili aliziba masikio. Na penye msiba ndipo walipomtafuta zaidi. Kwetu mtu akikata roho, mwanamke wake lazima apige yowe hapo hapo, ndipo mtaa ujue kwamba kweli amekufa. Kabla ya yowe hilo kuna mgonjwa tu. Viviane aliwasaidia wenzake kulia, na wanaume waliojifanya wagumu walijikuta wanatafuta leso.

Mumewe, Évariste, alikuwa mtu wa baiskeli. Alileta makala kutoka njia ya Mwadingusha, magunia yamefungwa kwa mipira ya tairi, yamepanda juu mpaka humwoni mwenye baiskeli. Mteremko wa kuingia mjini aliushuka huku kisigino kikibana tairi la nyuma, maana breki za baiskeli zile ni mapambo. Viviane alimngojea chini, kwenye njia panda ya soko, ili amshikie mzigo. Na kila asubuhi waligombana pale pale. Mke: umechelewa. Mume: basi kesho uende weye. Watu walicheka, wao wenyewe wakacheka, biashara ikaanza.

Asubuhi ya siku ile alimwona Évariste akitokea juu, magunia yakiyumba. Akaiona pia taksi ndogo nyeupe ikichomoka barabara ya pembeni, shofere simu sikioni, hatazami huku wala huko. Viviane akaita jina la mumewe kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Haikusaidia kitu. Gari lilimbeba Évariste ubavuni, likamrusha juu ya kioo, kioo kikapasuka, akaangukia lami kwa kichwa na magunia yakamwangukia.

Shofere huyo, Rolly jina lake, mwanaume wa makamo mwenye kipara, akafanya kosa ambalo mashofere wa Likasi hawalifanyi. Akashuka. Wenzake wangekanyaga mafuta moja kwa moja mpaka kituo cha polisi wakajisalimishe, huko ndiko kwenye usalama. Yeye akakimbilia mtu aliyemgonga, mikono juu, anasema, "Pardon, pardon." Ngumi ya kwanza ilimkuta mdomoni. Ya pili ilitoka nyuma. Mtu akamrarua shati, mwingine akaokota tofali na kulipigisha juu ya kile kipara, damu ikamwagika mpaka machoni, akaanza kutambaa bila kuona anakoelekea. Walimpiga mateke ya mbavu huku wakitukana mama yake.

"Aliua! Aliua muntu!"

"Banamupiga tu vile? Mulete petroli!"

Ndipo akaingia Kabedi. Kabedi ni polisi wa rulaji, wale wa kuongoza magari, na njia panda hiyo ndiyo ofisi yake. Bunduki hana, ana filimbi tu. Alipenya kati ya watu kwa viwiko, akamfikia Rolly, akamzaba kofi ambalo wote walilisikia. Akamzaba la pili.

"Mushenzi weye! Simu mu sikio! Vua mukanda! Vua viatu! Leo utalala mu kasho ya polisi!"

Watu wakashangilia. Kabedi akamvuta kwa kola iliyobaki, akamkalisha chini na kusimama juu yake, miguu huku na huku, akiendelea kumtukana kuliko wote. Akampiga teke dogo pajani. Ukiangalia haraka, ungedhani naye anataka kumuua. Lakini tangu aliposimama pale, hakuna tofali lingine lililompata Rolly.

Viviane hakuyaona hayo sawasawa. Alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Évariste mapajani, damu inamtoka sikioni, kitenge kimelowa. Évariste alipumua kwa shida, akamtazama, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Viviane akangoja nyingine. Haikuja. Akamwekea kiganja kifuani, na hapo akajua.

Akafungua mdomo. Hewa ilikwisha kuingia, kifua kimejaa, yowe liko kooni. Kabedi akainama ghafla, kama anayemtazama majeruhi, mdomo sikioni mwa Viviane.

"Mama, usilie kwanza. Ukilia sasa hivi, banamuchoma huyu mu macho yetu. Miye peke yangu siwezi."

Na Viviane alitaka nini? Nitasema wazi, maana yeye mwenyewe aliniambia wazi: alitaka wamchome. Alimtazama mwanaume yule aliyekaa chini bila viatu, analia damu na kamasi, na akamchukia kwa roho yake yote. Kijana mmoja wa mtaani kwao alikuwa amefika na dumu la petroli, anacheka, meno yote nje. Akamwinamia Viviane akauliza, "Mama Viviane, eko muzima ao alikufa?"

Neno lilikuwa la Viviane sasa.

Akainua macho. Nyuma ya kijana yule aliona gunia la Évariste limepasuka, na wanawake wawili wameinama, wanazoa makala kwenye vitenge vyao, haraka haraka. Mmoja alikuwa anasema, "Muuaji, achomwe," na huku anazoa. Hawa ndio wanaomlilia mume wangu? Akalimeza yowe lile. Aliniambia lilimkwaruza likishuka.

"Eko muzima," akasema. "Mutusaidie kumupeleka ku hopitali."

Kabedi hakupoteza muda. Gari lilikuwa hilo moja, na wa kuliendesha ni huyo huyo. Wakamweka Évariste kiti cha nyuma, Viviane naye, kichwa kile mapajani. Rolly akasukumwa kwenye usukani na damu yake, Kabedi pembeni. Lakini vijana hawakuwa wajinga. Wawili wakapanda nje, wameshika milango, vichwa ndani ya dirisha, wanamtazama Évariste. Mmoja alikuwa yule wa petroli.

Ikabidi Viviane aongee na maiti. Alimpangusa mumewe uso, akamwambia, "Évariste, tunafika. Vumilia, baba." Akamfinya shavu. Akamgombeza, "Ulichelewa tena leo." Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo lilikitikisa kichwa kile kikaonekana kama kinakubali.

"Mama," Rolly aliuliza bila kugeuka, midomo imevimba, "eko muzima?"

"Endesha."

"Mungu wangu, asikufe. Mama, unisamehe."

"Nimekuambia endesha!"

Kwenye lango la hospitali mlinzi aliwashusha wale vijana, lango likafungwa. Daktari alimshika Évariste shingoni, akatikisa kichwa. Rolly alianguka chini akalia kwa sauti. Kabedi akamfunga mikono, akamgeukia Viviane, macho yake mwenyewe mekundu. "Sasa, mama. Lia sasa."

Viviane akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akajaribu tena, akatoa kikohozi.

Msibani hakutoa chozi. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Mtaa mzima ulikuwa na habari: alikaa gari moja na muuaji, akazungumza na maiti, akamwokoa muuaji akishirikiana na polisi. Alipewa nini? Wifi zake walimngojea mpaka waliporudi kutoka makaburini. Mmoja akamvua kitambaa cha kichwa, mwingine akamshika nywele na kumburuta mpaka uwanjani, wakampiga kwa viatu vyao mbele ya waombolezaji, mgongoni, usoni, na mtu wa kusema acheni hakuwepo. Viviane hakujikinga. Aliwaza kwamba maumivu labda yatamfungua. Hayakumfungua.

Mwishowe aliyewazuia ni Madeleine, mama yake Évariste, mwanamke mdogo wa umbo ambaye siku zote hizo hakuwa amesema naye neno. Akawafukuza binti zake, akakaa chini vumbini karibu na mkwe wake.

"Mutoto yangu alikufa mu mikono yako," akasema. "Weye unaliaka hata ba bwana ba wengine. Ju ya nini haukumulia wako?"

Viviane akafuta damu puani. "Mama, ningelia pale, bangemuchoma ule muntu na petroli. Naye eko na mama yake."

Madeleine alimtazama. Akamshika mkono, kwa upole, akaupapasa. Viviane akadhani ameeleweka.

"Ungelia," Madeleine akasema.

"Mama..."

"Ungelia tu, mutoto yangu. Bangemuchoma."

Tangu siku ile, akilala na akiamka, maneno Viviane aliyokuwa anajiambia ni hayo hayo. Akafungua mdomo aseme tu "ndiyo, mama," na sauti ikatoka, yote, bila kuuliza ruhusa. Majirani waliokwisha kurudi makwao waliacha vyungu motoni wakaja mbio, wakiulizana njiani ni nani tena amekufa.