Niliwapeleka Polisi Kwenye Nyumba Niliyolelewa

Admin, jina langu lifiche, maana mji wetu huu ni mdogo na mtu akijulikana anafanya kazi gani, keshajulikana ni nani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili. Niliachika, sina mtoto, naishi peke yangu Michenzani. Kazi yangu ni kupokea simu za dharura hapa Unguja. Watu wananipigia wakilia, nawatuliza, nawatumia polisi au gari la wagonjwa, kisha simu inakatika na sijui yaliyoendelea. Hilo nilishalizoea, kwa sababu nikitoka kazini nilikuwa na pa kwenda. Shangazi yangu wa Mji Mkongwe ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na kila Ijumaa nilikula kwake. Sasa siendi tena.

Alasiri moja alinipigia msichana. Alisema ametoka Burundi, anafanya kazi za ndani, amemwagikiwa na mafuta ya moto mkononi akikaanga sambusa, na mwenye nyumba amemfungia chumbani akaenda harusini. Nikamuuliza yuko nyumba gani. Hajui. Tangu aletwe hajatoka peke yake, anajua tu ni Mji Mkongwe na mwenye nyumba anamwita Bibi. Vichochoro vile hata sisi wenyeji tunaelekezana kwa majina ya wenye nyumba, sasa mgeni atasema nini? Nikamwambia aende dirishani anieleze anachokiona.

"Chini kuna baraza, anakaa fundi wa saa," akasema. "Dirisha lina vyuma, kimoja kimepinda. Dada, mkono wangu unatoa maji."

Niliitambua nyumba ya shangazi. Chuma kile nilikipinda mimi, utotoni, kwa kukivuta kila siku nikichungulia wenzangu wakicheza nage.

Ningeweza kumpigia shangazi arudi afungue mlango, yakaishia ndani. Wazo hilo lilinijia, sikatai. Lakini msichana alikuwa analia taratibu, kama mtu aliyezoea kuwa hakuna anayemsikia, na mimi nikawapa polisi na gari la wagonjwa jina la mwenye nyumba. Walivunja mlango wakamtoa.

Kazini kwetu jina la aliyepokea simu ni siri. Lakini binamu yangu ni askari, na kabla ya magharibi ukoo mzima ulishajua kuwa ni mimi. Ikaonekana pia kibali cha kazi cha yule msichana kimekwisha muda na paspoti yake anayo shangazi. Ndiyo maana hakumpeleka hospitali, aliogopa kuulizwa makaratasi.

Nilikwenda kumtazama shangazi. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Sijawahi kuliona hilo maishani mwangu.

"Kwani nimempiga?" akaniuliza. "Nimempaka asali, nimemwekea chakula, nimefunga mlango. Ndivyo nnavyolea watoto wa kike. Hata weye nikikufunga nikenda zangu harusini. Umekufa?"

Nikaondoka. Jioni ile nikatolewa kwenye grupu la familia. Ramadhani ilipofika nilipika tambi na mkate wa kumimina nikapeleka kwa mke wa kaka yangu. Kwetu sahani ya futari hairudi tupu, mwenzio anatia chochote alichopika yeye. Yangu ilirudi vilevile na kawa lake juu, halijafunuliwa. Nilifuturu peke yangu mbele ya chakula cha watu wengi, nikalia mpaka tarawehe ikanipita.

Sasa familia imepeleka malalamiko kwenye kamati ya serikali inayosimamia polisi na huduma za dharura. Wanasema askari wamevunja mlango wa mwanamke mzee bila hata kuwa na uhakika kwamba ndiyo nyumba iliyopiga simu. Kamati imeniita wiki ijayo, na watataka kujua kitu kimoja tu: ulijuaje?

Binamu yangu alinifuata kazini. "Sema ulibahatisha," akaniambia. "Mambo yeshe. Bi mkubwa ana presha."

Nikisema nilibahatisha, askari waliofanya kazi yao wataadhibiwa. Na yule msichana, ambaye sasa amehifadhiwa mahali akingojea mkono upone, atarudishwa kwao kama mtu asiye na kibali aliyezua uongo, kwa sababu kesi yake yote imesimama juu ya simu ile, na itasemwa haikutoka humo. Nikisema kweli, shangazi yangu atashitakiwa kwa umri ule.

Jana alinipigia mwenyewe. Niliposikia sauti yake nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Mwanangu," akasema, "nenda kawaambie. Waambie nikikufunga chumba kilekile na weye, ukakua, ukasoma, ukapata kazi. Waambie nilikuwa nnakulinda."

Anaamini kabisa kuwa nikisema hivyo watamwelewa. Na ni kweli alikuwa ananilinda. Alikuwa akirudi na haluwa kwenye mkoba wake, ananiamsha nile kabla haijapoa. Lakini kabla hajarudi nilikuwa nakaa kwenye dirisha lile nikiogopa nyumba itashika moto, nipige kelele na pasiwe na mtu wa kunifungulia. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Pengine ndiyo maana nilichagua kazi ya kupokea simu, sijui.

Ndugu zangu, wengi wenu mmenizidi umri na mmeyaona mengi, naomba mnielekeze. Kwenye kamati shangazi atakuwa amekaa mbele yangu, na ndiye mama pekee ninayemjua. Wakiniuliza, "Na wewe ulipofungiwa humo, ulikuwa salama au ulikuwa unaogopa?" niwajibu nini, na mimi nilikuwa vyote viwili?