Mlango wa Moto, Wodi ya Wazazi

Kila nikiikumbuka hospitali ile ya misheni, upande wa Ushirombo, naiona ndani ya mvuke. Huenda mvuke mwingine nimeuongeza mwenyewe, maana miaka ya hamsini iko mbali sasa, lakini mgongo wangu haujasahau ndoo.

Nilikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Siku nzima nilibeba maji ya moto kutoka jikoni, ng'ambo ya uwanja, na yakifika yalikuwa vuguvugu. Basi Sista mkuu alipoleta boila kuukuu, tangi la chuma la kuchemshia maji kwa kuni, kutoka migodini Geita, nusura nicheze. Fundi aliyekuja nalo alitaka lijengwe nyuma ya ghala, moshi uwe mbali, maji yaje kwa bomba. Mimi nikaona sawa kabisa.

Mama yangu hakuona sawa. Mdogo wangu alikuwa amelazwa pale na mtoto njiti wa siku nne, aliyefungwa ndani ya pamba. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na anayeyachemsha ni mtu wake. Wengi walitoroka wodini kwa sababu hiyo tu.

"Maji ya bomba nani kayachemsha?" Mama aliniuliza. "Simjui. Kesho nawarudisha wanangu nyumbani."

"Mayu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "njiani kuna baridi. Mtoto atakufa."

"Na hapa anaota moto gani?"

Nilikasirika, nikamwita mkaidi, kimoyomoyo. Halafu nikaogopa. Nikamwendea Sista, nikamwomba boila likae ubavuni mwa baraza yetu, mlango wake wa moto utuelekee, ndugu wachochee wenyewe.

Fundi akacheka. "Unataka kuwakausha wazazi kama samaki?"

Sista alivitazama vitanda vitupu vya waliotoroka. Kisha akamwambia fundi arefushe bomba la moshi.

Wanaume wakalivingirisha boila juu ya magogo mpaka barazani. Kesho yake likawaka, hata kabla ya mabomba kuunganishwa, maji tukiyajaza kwa ndoo, na Mama akasukuma kuni ya kwanza. Hakutaja tena safari. Asubuhi zile mpaka leo sijui niziite nini: mvuke umejaa barazani, wanawake wanatokea na kupotea ndani yake wakiimba chinichini, Mama anachochea kama yuko kwake. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Siku ya tisa ya uhai wake mtoto alifariki, mchana, kifuani kwa mdogo wangu.

Nilisimama mlangoni nikingoja Mama aseme ni mimi niliyewazuia. Ningestahili. Alimfunika mjukuu wake, akamfuta mdogo wangu machozi, akatoka barazani. Nikamfuata. Moto ulikuwa umefifia. Akachagua gogo kavu la mti wa mtundu, akalisukuma ndani.

"Mayu, acha," nikasema.

"Wa kitanda cha pili amejifungua asubuhi," akajibu. "Hana mtu."