Haya ya Kufungua, Haya ya Kufunga

Neno ninalolitumia kuliko yote ni haya. Nikiamka nasema haya, hata kama nyumbani hakuna mtu. Nikimfungia mteja nyanya pale sokoni Jericho nasema haya, maana yake chukua, nenda salama. Watoto wangu wakikaa kula nilikuwa nasema haya, na wakimaliza nikiondoa sahani, haya. Mume wangu alikuwa akinicheka. Alifanya kazi ya reli, na maisha tuliyaanza Kaloleni kabla ya kuhamia huku. Alikuwa akisema sisi watu wa magharibi tukifika Nairobi tunashika neno moja la Kiswahili kama mpini wa jembe, halafu tunalima nalo shamba lote. Na yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kupigia mabehewa kelele. Lakini si yeye ninayetaka kumsimulia. Yeye alikwenda zamani, nikamlilia nikamaliza, kama mtu humaliza.

Ninayetaka kumsimulia ni binti yangu, kitinda mimba.

Jumamosi alikuwa anafundisha watoto kompyuta katika ukumbi wa Kaloleni. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo nitasema nilivyoelewa. Kompyuta haina akili. Mtu huiandikia maagizo, mstari chini ya mstari, nayo inafuata. Sasa maagizo hayo maneno yake ni ya Kiingereza, na watoto wa pale wengine Kiingereza ni cha kubabaisha, wanakariri tu. Hilo lilimkera. Akaamua kuwatengenezea maagizo yenye maneno ya nyumbani: kama, rudia, sema. Alipoeleza nilikuwa nachambua sukuma wiki, sikumwangalia sana.

"Mathe," akaniambia. Ndivyo watoto wa Eastlands wanavyotuita mama zao, na ukikataa wanacheka. "Mathe, nimekuibia neno."

"Lipi?"

"Haya."

"Hilo ni la kila mtu. Nenda ukaibie redio."

"Hapana, ni lako. Nikiandika haya, kompyuta inajua kazi imeanza. Nikiandika haya tena, inajua imeisha."

"Na itajuaje ni haya gani?"

"Si sisi tulikuwa tunajua?"

"Nyinyi nilikuwa nawaangalia na jicho."

Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizo alikuwa bado anacheka na mwili wote.

Halafu akaanza kuandika kitabu cha kufundishia maneno hayo. Hakukimaliza. Damu ilianza kumpungukia, wakamwongezea, ikapungua tena, na madaktari wakawa wanaongea naye polepole, jinsi wanavyoongea na watu wazee. Mimi nilikuwa napeleka uji hospitalini kila siku baada ya kuacha meza ya mboga kwa jirani. Uji wa wimbi, bila sukari nyingi. Alikuwa anakunywa ili nisione haya. Ona, hata hiyo ni haya nyingine, ya aibu. Neno hili halina mwisho.

Siku ya mwisho sikujua ni ya mwisho. Nilikuwa nafunga chupa ya uji, kifuniko kimelegea, na mhudumu anasukuma toroli ya vyombo, inagonga kila kitanda. Nikamsikia mtoto wangu akisema haya. Labda alisema haya, mathe. Labda alisema haya peke yake. Nilidhani ni ile ya nenda basi, kesho tuendelee. Nikajibu haya, nikatoka. Asubuhi nikapigiwa simu.

Tulimzika kwetu. Niliporudi Jericho nilikaa nikiuza mboga kama mtu anayeuzia wengine. Bei nilikuwa nasahau, wateja wananikumbusha.

Ndipo rafiki yake akaja. Ni msichana wa Buruburu, wazazi wake wa Murang'a, kazi yake ni kupanga vitabu kwenye kompyuta mpaka viwe tayari kuchapwa. Alikuja mchana na kompyuta yake ndani ya mkoba, akakaa kwenye kochi akishika kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama, kitabu kimebaki kidogo," akasema. "Kimebaki rangi."

Nilidhani rangi ya jalada. Nikamwambia aweke maua. Akasema hapana, rangi ya maneno ndani. Akafungua kunionyesha. Upande mmoja anaandika, upande wa pili ukurasa unajitokeza vile utakavyochapwa. Akanieleza kwamba kwenye vitabu vya namna hiyo kila aina ya neno ina rangi yake, ili jicho lisitafute. Maneno ya amri yana rangi yake, namba zina yake, maneno ya kusemwa yana yake. Na yale maelezo ya kando ya kumsaidia binadamu, ambayo kompyuta huyaruka, huwa ya kijivu. Kazi hiyo mashine hufanya yenyewe, lakini inajua lugha za wakubwa tu. Ya binti yangu haikuijua, iliyaacha maneno yote meusi. Kwa hivyo inabidi uifundishe: neno hili ni la aina hii, aina hii ipewe rangi hii. Yale maneno kama, rudia na sema binti yangu alikuwa ameshaifundisha. Haya alikuwa hajaifikia.

"Mimi niliiweka kijivu," yule msichana akasema. "Nilidhani ni ya kuongea tu. Kwetu mtu akisema haya, anataka kukata simu."

"Kwenu mna haraka."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. "Nikasoma kitabu chote, nikaona bila hiyo hakuna kinachotembea. Sasa nafikiria rangi mbili. Kijani ya kufungua, nyekundu ya kufunga. Watoto husahau kufunga, mama. Wakiona kijani watatafuta nyekundu."

Nilipenda. Mimi ni mtu wa meza, hoho huku, nyanya kule, mteja anaona kutoka mbali. Nilitaka kumwambia haya, weka. Lakini nikamuuliza lile swali nililomuuliza binti yangu, mashine itajuaje ni gani.

"Angalia," akasema, akaweka kidole kwenye kioo. Ilikuwa imeandikwa hivi:

kama mvua inanyesha haya
    anua nguo
haya

"Ya kufungua huwa na kitu kando yake kwenye mstari. Ya kufunga inakaa peke yake."

Nilisoma polepole, ndivyo nisomavyo. Mvua inanyesha. Anua nguo. Hiyo sauti ilikuwa yangu, mimi nikiwapigia kelele uani.

Halafu nikamuuliza. Sikupanga kumuuliza. "Na mtu akisema haya, mathe, hiyo ina kitu kando yake?"

"Ndiyo."

"Na kama alisema haya tu, na mathe nimejiongezea mwenyewe njiani?"

Yule msichana hakujua nazungumzia nini, halafu akajua ni neno la mwisho la rafiki yake. Aliangalia chai yake, imeshika utando juu. Jirani nje alikuwa anapiga zulia kwa fimbo, na tulilisikiliza zulia hilo sote wawili.

"Weka rangi moja," nikasema.

"Watoto watapotea, mama."

"Watapotea kidogo, watarudi. Yeye alitaka neno moja. Angetaka mawili angeandika mawili. Sitaki mashine ndiyo iamue ni ipi."

Hakubishana. Akauliza rangi gani, nikamwambia ya biringanya. Akasema sawa, na neno lenyewe atalinenepesha herufi pia, maana ukumbini watatoa fotokopi na kwenye fotokopi kila rangi huwa kivuli. Akaandika mstari mmoja mfupi, na haya zote za kitabu zikageuka pamoja. Aliviringisha kurasa kwenye kioo nikaziona, kila ukurasa, juu na chini, biringanya. Kila mahali niliposimama nikisema neno hilo, jikoni, uani, mlangoni. Nilifuta macho na kona ya leso.

Tukafika ukurasa wa mwisho. Hapo akasita.

"Hapa hakumaliza," akasema. Zoezi la mwisho lilikuwa na rudia, na haya kando yake, na mistari ya kusalimia watu wa nyumbani mmoja mmoja. Chini yake hakuna kitu. "Haijafungwa. Sikutaka kuifunga bila kukuuliza."

"Ikibaki hivyo itafanya nini?"

"Haitafanya chochote. Itangoja tu."

"Mpaka lini?"

"Itangoja tu, mathe."

Aliniita hivyo bila kujua, nami sikumsahihisha. Nilifikiria mtoto pale ukumbini ameketi mbele ya kioo, na kioo kinangoja, na mtoto anadhani kosa ni lake. Nikasema niletee hapa.

Aliniwekea kompyuta mapajani, ilikuwa na joto kama mtoto wa paka. Akanionyesha mahali, peke yake kwenye mstari. Niliandika kwa kidole kimoja. Nikapiga h, ikatokea nyeusi. Nikapiga a, nyeusi. Nikapiga y, baada ya kuitafuta, kwa sababu herufi zao hazifuatani kama tulivyofundishwa, nayo ikatokea nyeusi. Kidole kikabaki hewani. Msichana hakuniharakisha.

Nikapiga ile a ya mwisho, na neno lote likageuka biringanya.