Kinu cha Juju Mbele ya Wageni

Jirani yangu hapa Kiirua akitwanga kitunguu saumu, mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Kinu kikubwa cha mahindi kinanguruma. Hiki kidogo kinakohoa tu, kama mtu anayetaka kuingilia mazungumzo kwa adabu. Ndiyo sauti niliyokulia nayo kule Tigania.

Juju wangu M'Ithinji, yaani babu mzaa baba, hakuwa amebaki na jino hata moja. Lakini mzee wa kwetu na miraa utawatenganisha vipi? Kwa hivyo alikuwa na kinu cha mti, kidogo kama kikombe, na mimi, binti mdogo, ndiye niliyekuwa meno yake. Jioni nilikaa nyuma ya jikoni nikatwanga yale maganda laini ya miraa mpaka yakalainika kama mboga, nikampelekea kwa kiganja. "Karimi, leo umetafuna vizuri," alikuwa akiniambia, nami nikajiona mtu mkubwa sana.

Siku moja wakaja watu wa Kaberia kumposa shangazi yangu Kanana. Kanana alimpenda huyo Kaberia mpaka akawa anaunguza maharagwe. Wageni walileta ncoolo, lile furushi la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, ambalo kwetu ndilo linalobisha hodi. Mwenye boma akitafuna, amekubali kuwasikiliza. Asipotafuna, wanarudi walikotoka.

Juju alichagua kijiti chororo kuliko vyote, akakiweka shavuni. Akawa anakisugua kwa ufizi, polepole, macho mbele, na wageni wakaanza kutulia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaona shavu halisongi vizuri. Nikawaza, maskini, amesahau kinu! Nikakikimbilia, nikakiweka magotini pake mbele ya watu wote.

"Juju, lete nikutwangie."

Mgeni mmoja mnene, M'Rinkanya, akapiga paja lake. "Kumbe tungeleta maziwa na chupa ya mtoto!"

Walicheka hao! Hata baba yangu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nami nikacheka, nikidhani nimefurahisha watu. Juju akatoa kile kijiti mdomoni, akakirudisha juu ya majani ya mgomba, akaingia ndani. Mazungumzo yakaishia hapo. Kanana alikuwa jikoni akisikia yote. Aliketi chini penye majivu, akajifunika leso usoni.

Walirudi baadaye na mbuzi wa kuomba msamaha, bila M'Rinkanya, na Kanana akaolewa. Watu wakasahau. Lakini Juju hakunipa tena miraa yake. Nilimsikia akijitwangia nyuma ya zizi la mbuzi, na nilipochungulia niliona mikono ikitetemeka, nusu ikimwagika. Hakunigombeza hata siku moja. Nikienda kumsaidia, alisema tu, "Enda ucheze."

Niliona aibu bila kujua ni ya nini. Nilidhani labda nilimletea kinu kichafu.

Sasa meno yangu yameenda. Juzi akina mama wa kanisa walikuja kuniona, na mke wa kijana wangu, Makena, mtoto mzuri ambaye hajawahi kuninyima kitu, akaniletea sahani yangu mbele yao. "Mama, yako nimekupondea na kijiko, si hauna meno." Wakasema nimebarikiwa kupata mkaza mwana kama huyo. Nikasema ndiyo, ni kweli, nikala nikitazama sahani, masikio yakiwaka moto.

Juju hakukataa kusaidiwa. Alisaidiwa kila jioni na akafurahi, kwa sababu ilikuwa kati yetu wawili. Mbele ya watu alitaka tu abaki mwenye boma. Kitu kidogo namna hiyo. Nami ningemwambia Makena aponde huko huko jikoni, amwagie mchuzi juu, alete kama chakula cha kila mtu. Si maneno mengi. Kila asubuhi nafungua mdomo kuyasema, naye ananiuliza kwa upole, "Unataka nini, Mama?"

Namwambia, "Maji tu."